Vumbi Jeupe Ndani ya Kastabini

Fomu zilikuwa saba, na Mkaguzi alikuwa amezisoma mpaka pembe zikalegea. Ziliandikwa katika zahanati tatu na madaktari wasiojuana, kuhusu wanawake saba, kila mmoja na lake. Wa kwanza uso umemvimba ukawa duara kama sahani. Wa pili sukari imepanda, na katika ukoo wao hakuna mwenye sukari. Wa tatu tumbo linamwaka. Wa nne hapati usingizi, na asubuhi anagombana hata na kitasa cha mlango. Wa tano anatoka michubuko ya zambarau bila kugongwa na kitu. Wa sita presha. Wa saba alikuwa amenenepa ghafla, na mumewe, kama daktari alivyoandika, alikuwa anashukuru.

Kila daktari alikuwa na wasiwasi uleule: hapa kuna dawa. Ndiyo maana fomu zikaletwa ofisi ya usalama wa dawa, mezani kwa Mkaguzi. Lakini kwenye mstari wa "dawa anazotumia", zote saba zilijibu neno moja. Hakuna.

"Hilo 'hakuna' ndilo linaloninyima raha," Mkaguzi alimwambia dereva wake.

Dereva aliitwa Mzee Breki, kwa sababu alifunga breki hata kwa kuku aliyesimama ng'ambo ya barabara. Alikuwa amemwendesha Mkaguzi miaka kumi na mmoja, na kwa muda huo wote hawakuwahi kugonga kitu wala kufika mahali kwa wakati.

"Labda kweli hawatumii," alisema Mzee Breki. "Mbona hata mimi situmii dawa."

"Wewe? Kila asubuhi nakukumbusha vidonge vya presha!"

"Aa, vile si dawa, mama. Vile ni mazoea."

Mkaguzi alimgeukia. "Hebu rudia."

"Nirudie nini? Nimekosa?"

"Hujakosa. Umenifanyia kazi ya wiki nzima."

Alikuwa ameshawatembelea wanne kati ya wale saba majumbani kwao, na hakuna aliyemjua mwenzake, au ndivyo walivyosema. Ila katika kila nyumba aliona kitu kimoja: kitambaa cha kijani cha mirabamiraba. Mmoja alishikia sufuria ya moto. Mwingine alikifanya pazia la dirisha dogo. Wa tatu alitia kiraka mto wa kulalia, na wa nne alimshonea mtoto mwanasesere mwenye tumbo kubwa. Kitambaa hicho hakiuzwi dukani kwa rejareja. Ni cha sare za shule.

Basi asubuhi hiyo Mzee Breki aliegesha gari mbele ya duka la misumari na rangi, na Mkaguzi akapanda ngazi nyembamba hadi orofa ya juu, kwenye karakana inayoshona sare hizo, kule kulikokuwa kunatoka mlio wa cherehani.

Kilikuwa chumba kirefu, madirisha upande mmoja. Cherehani kumi katika safu mbili, meza ya kukatia katikati, pasi ya mvuke inahema kwenye kona. Ukutani kulipangwa chupa za vifungo, zaidi ya mia, kila rangi na kila ukubwa mahali pake. Na kwenye sanamu la kupimia nguo, dirishani penye mwanga mzuri, palivishwa gauni jeupe la harusi, mishono ya ubavuni imefumuliwa.

"Karibu, mama. Sare za shule gani?" aliuliza mwenye karakana.

Alikuwa mwanamke mpana, tepu ya kupimia shingoni, pini zimepangwa kolani kama nishani. Walimwita Mama Kifungo. Watu walisema ukimwonyesha kifungo kimoja kutoka mbali, atakuambia kipenyo chake na chupa ilipo, na hakosei.

Mkaguzi alitoa kitambulisho. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, hadi ikabaki moja tu kule nyuma, nayo ikakatika katikati ya mshono.

"Sikuja kufunga mahali," alisema Mkaguzi. "Nimekuja kwa sababu ninyi ni wagonjwa."

"Nani mgonjwa? Hapa watu wazima kabisa," alisema Mama Kifungo.

Lakini Mkaguzi alikuwa ameshawaona. Yule wa tumbo yuko cherehani ya kola. Yule wa michubuko yuko kwenye pasi. Wanne aliokaa nao sebuleni kwao, wakamwambia hawajuani na mtu, walikuwa wamekaa bega kwa bega, wote wanatazama nyayo zao.

"Fundi wa Kola," alisema. "Juzi uliniambia unafanya kazi nyumbani."

"Ndiyo, mama. Nikirudi nyumbani nafanya kazi."

Kuna aliyecheka akajiziba mdomo. Mkaguzi naye akatabasamu, akavuta kiti, akafungua karatasi safi. Alikuwa na kawaida yake: huchora mistari, juu anaandika vitu, pembeni watu, halafu anajaza. Alianza na chai. Chupa kubwa ya chai ilikuwa mlangoni, na vikombe kumi na kimoja.

"Chai anakunywa nani?"

Wote, isipokuwa wawili. Fundi wa Kola aliacha tangu tumbo lilipoanza kuwaka, na wa sukari anakuja na yake. Wote wawili walikuwa na fomu. Chai ikapigwa mstari.

"Na huu wanga wa kolani?"

Wanga hugusa mtu wa pasi peke yake. Ukapigwa mstari.

"Rangi ya kitambaa?"

"Mama," alisema yule wa pasi kwa upole, kama anayemfariji mtoto, "kitambaa hiki tumeshona miaka tisa. Kama kingekuwa kinaua tungekuwa tumezikwa nacho."

Ikapigwa mstari. Karatasi ilikuwa imejaa mistari na haina jibu. Mkaguzi alinyanyuka kunyoosha miguu, akasimama mbele ya lile gauni jeupe.

"La nani?"

Hapo hewa ya chumba ikabadilika. Watu wakaanza kusema kwa pamoja. La Kasuku! Binti wa kaka yake Mama Kifungo, aliyelelewa hapahapa chini ya meza ya kukatia tangu ana miaka sita, ndiye anayeshona matundu ya vifungo. Anaolewa wiki tatu zijazo. Tumemshonea wote, kila mtu sehemu yake. Mimi lesi. Mimi mikono. Mimi nilishona kiuno mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, maana bibi harusi wetu anaumuka kama maandazi!

"Mara tatu?" aliuliza Mkaguzi.

"Nne," alisema Mama Kifungo, na sauti yake ilijaa mapenzi. "Nina vipimo vyake vyote. Ona mwenyewe."

Alifungua daftari la vipimo. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na ulionyooka. Miezi saba iliyopita: kiuno inchi ishirini na sita. Halafu ishirini na nane. Halafu thelathini na moja, thelathini na nne. Shingo nayo imeongezeka, na mgongo chini ya shingo, pale gauni linapoanzia. Mkaguzi alishusha kidole polepole mpaka mstari wa unene wa mkono. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Mkono wake mwanzo ulikuwa inchi kumi na moja."

"Ndiyo."

"Sasa ni tisa na nusu."

Mama Kifungo alivaa miwani yake. Alikuwa ameandika namba zile kwa mkono wake, moja baada ya moja, kwa miezi, na hakuwahi kuzisoma kwa pamoja.

"Mtu akinenepa," alisema Mkaguzi, "ananenepa na mikono. Huyu kiuno kinajaa na mikono inakonda. Hicho si chakula, Mama. Kuna dawa moja inayofanya hivyo. Hiyohiyo inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inachoma tumbo, inanyima usingizi, inaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Maradhi saba, kumbe ni ugonjwa mmoja tu."

"Sisi hatutumii dawa," alisema Fundi wa Kola haraka.

"Najua. Ni mazoea."

Mkaguzi alitembea taratibu kati ya safu mbili za cherehani. Kando ya kila gurudumu palikuwa na kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni asichomwe na sindano. Zote zilisimamishwa kichwa chini, mdomo juu, kama vikombe vidogo vinavyosubiri kumiminiwa. Alichukua moja, akaielekeza dirishani. Chini kabisa mlikuwa na vumbi jeupe.

"Hii nini?"

"Chaki," alisema Mama Kifungo. "Ya kuchorea nguo."

Mkaguzi alitazama meza ya kukatia. Chaki zilikuwa pale kwenye kisahani. Za bluu, na moja nyekundu.

Mama Kifungo alikaa. Alikaa kwa mkupuo, kama mtu aliyekatwa uzi.

"Ni ya mgongo," alisema. "Kazi hii inakula mgongo, mama. Unainama saa kumi. Huyu analia kiuno, huyu vidole vimekakamaa hashiki sindano. Nilikuwa nawaona wanavyoshuka zile ngazi jioni, mmoja mmoja, kama wazee. Mume wa huyu wa pasi aliumwa pumu, hospitali wakampa vidonge, vikabaki. Siku moja kiuno kilimshika, akameza kimoja kwa kubahatisha tu. Kesho yake anaruka! Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikachukua kimoja nikaenda nacho duka la dawa."

"Ukasema unataka nini?"

"Nikasema, nipe kama hiki."

"Kama sampuli ya kifungo."

"Kama sampuli ya kifungo," alikubali Mama Kifungo. "Cheupe, kidogo, kina mstari katikati. Muuzaji akakilinganisha, akanipa kopo la vidonge elfu moja. Kila asubuhi nawapitishia. Kimoja kimoja, ndani ya kastabini, kisipotee kwenye mabaki ya nguo. Na hakuna aliyelia mgongo tena, muulize yeyote."

"Hakukuuliza cheti cha daktari?"

"Aliniuliza hali ya watoto."

Mkaguzi aliandika hilo neno kwa neno. Alipoinua macho, kiti cha Fundi wa Kola kilikuwa kitupu, na nyuma ya pazia, kwenye karo, maji yalikuwa yanatiririka. Alikumbuka jicho moja ambalo Mama Kifungo alilitupa pembeni dakika mbili zilizopita, nalo hakulitilia maanani.

Alikimbia. Fundi wa Kola alikuwa ameinamisha kopo juu ya shimo, na vidonge vilikuwa vimeanza kuanguka kimoja kimoja.

"Usimwage!" Mkaguzi alimshika mkono. "Usimwage, dada yangu, nakuomba."

"Ndiyo ushahidi wako," alisema Fundi wa Kola, machozi yanamlenga. "Utampeleka mama yetu ndani."

"Ushahidi kidonge kimoja kinanitosha. Hivi vingine ni vyenu. Kesho asubuhi mtameza kama kawaida."

Waliokuwa wamejazana kwenye pazia walitazamana. Mama Kifungo mwenyewe alishindwa kuelewa. "Umesema ndivyo vinavyotuumiza!"

"Ndivyo. Na kuviacha ghafla kunaua."

Aliwaeleza pale pale karoni, maji bado yanadondoka, na alieleza polepole kwa sababu alitaka kila mmoja aende kumweleza mwingine nyumbani. Dawa ile ni ya jamii ya steroidi. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi wa pumu na wengine, lakini mikononi mwa daktari. Mwili una tezi mbili ndogo juu ya figo zinazotengeneza kitu kama hicho kila siku, ndicho kinachokusimamisha unapougua au unapoumia. Ukileta cha nje kila asubuhi kwa miezi, tezi zinasema, haya, kumbe kuna mtu anafanya kazi yetu, zinalala. Siku ukiacha ghafla, za ndani zimelala na cha nje hakipo. Mwili unabaki mikono mitupu. Daktari lazima apunguze kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mpaka tezi ziamke.

"Kwa hiyo hakuna anayeacha leo. Mnakwenda hospitali wote, na kopo mnakwenda nalo. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," walisema, kwa sauti ya darasa.

Mkaguzi alirudi kwenye cherehani kuchukua vumbi la mfano ndani ya vijaluba vyake. Alikwenda kwa mpangilio, kastabini moja, kijaluba kimoja, namba. Moja, mbili, tatu. Zote zina vumbi. Ya nane, ya tisa. Ya kumi ilikuwa safi. Aliipitishia kitambaa ndani, kikatoka bila alama. Ila nje ilikuwa na utando wa vumbi la kawaida, la kitu kisichoguswa.

"Hii ya nani?"

"Ya Kasuku," alisema yule wa lesi. "Hajaja siku ya tisa leo. Na yeye ndiye mwenye akili kuliko sisi wote! Aliacha mwenyewe. Alisema hawezi kuingia harusini na uso wa ngoma, akaacha vyote kwa siku moja. Na uso umeshaanza kushuka, jana nimemwona."

"Anafanya nini nyumbani?"

"Amelala. Anatapika kidogo. Hali kitu." Yule wa lesi alicheka. "Ugonjwa wa mabibi harusi. Sisi tunamtania, tunamwambia umeanza mambo kabla ya siku yake!"

Wawili watatu walicheka naye. Mama Kifungo hakucheka. Alikuwa anamtazama Mkaguzi usoni, na alichokiona kilimnyanyua kitini bila kushika meza.

Na mwenye mtoto na asome hapa taratibu: katika chumba kile, katika fomu saba zenye kila dalili ya kutisha, aliyekuwa karibu na kufa ni yule mmoja ambaye hakuwa na fomu, ambaye uvimbe umepungua, ambaye kila mtu alikuwa anampongeza.

"Mbali?" aliuliza Mkaguzi.

"Mtaa wa tatu."

Mkaguzi alilinyakua kopo akalitia mkobani, akashuka ngazi na Mama Kifungo. Mzee Breki alikuwa amelaza kiti anasikiliza redio. Aliziona sura mbili zile, akazima redio, akawasha gari. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakugusa breki mpaka mlangoni.

Kasuku alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, amejikunja, kanga imemshuka. Alikuwa amejaribu kusimama, kizunguzungu kikamwangusha. Ngozi baridi, jasho limetanda, mapigo mepesi kama ya ndege. Uso wake ulikuwa kweli umepungua.

"Shangazi," alisema bila kufungua macho, "waambie waache kunitania. Tumbo linauma."

"Nimewaambia, mwanangu. Nimewakataza." Mama Kifungo alimbeba kama alivyombeba akiwa na miaka sita, na hakuna aliyejua nguvu zile alizitoa wapi. "Hakuna anayekutania."

Njiani alimlaza mapajani, akawa anampapasa nywele, midomo inacheza bila sauti. Mara moja tu alisema kwa Mkaguzi, chini kwa chini, "Nikisema, nitafungwa?"

"Sijui," alisema Mkaguzi, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya. "Usiposema, hawatajua wampe nini."

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya uchovu. Alishika mkono wa Kasuku, akatazama kipimo cha presha, akakunja uso.

"Ameanza lini kutapika? Mjamzito? Malaria? Amekula sumu?"

"Ni bibi harusi," alisema muuguzi, akiona hina kidoleni. "Hawa huwa wanajinyima kula."

Mkaguzi alifungua mdomo. Angeweza kusema yeye, alikuwa na maneno yote tayari. Lakini hakujua namba ya vidonge, na mwenye namba alikuwa amesimama pembeni yake, pini bado zimo kolani.

"Si hivyo," alisema Mama Kifungo. Alichomoa kopo kwenye mkoba wa Mkaguzi. "Daktari, ni mimi. Nimempa vidonge miezi saba. Hili hapa kopo lake. Ameacha siku tisa, ghafla, hajapunguza."

Daktari alisoma kopo. Uchovu ulimtoka machoni mara moja. "Vingapi kwa siku?"

"Wenzake kimoja."

"Yeye?"

Hapo ndipo alipovunjika. "Vitatu," alisema Mama Kifungo. "Alikuwa analia vidole. Nilimpa zaidi kwa sababu ndiye wangu."

Daktari hakusema neno la lawama; hakuwa na nafasi. Alimgeukia muuguzi akataja sindano, akataja chupa ya maji ya chumvi, akataja sukari ipimwe sasa hivi, na pazia likavutwa.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Mzee Breki alileta maji, akakaa nao, hakuna aliyekunywa. Pazia lilibaki limefungwa, miguu inapita chini yake, inakwenda, inarudi. Saa ya ukutani ilikuwa mbovu, kwa hiyo hawakujua ni muda gani. Kisha kukasikika sauti nyembamba, yenye madaha, ikilalamika kwamba sindano imewekwa vibaya, kwamba mto huu una harufu, kwamba kuna mtu hajala tangu juzi na hakuna anayejali.

Mama Kifungo aliweka uso viganjani akacheka, na kicheko kilikuwa kimejaa maji.

"Amepona," alisema Mzee Breki.

"Hajapona," alisema daktari akitoka. "Atapona. Atarudishiwa dawa hiyohiyo, kipimo tutakijua sisi, na tutaishusha kwa miezi. Umetaja namba, mama. Bila ile namba ningekuwa bado natafuta sumu." Akamtazama. "Na hao wenzake?"

"Wako ngazini wanapanda," alisema Mkaguzi, maana zilikuwa zinasikika sauti tisa zikijibizana nani aingie kwanza.

Alikaa karibu na Mama Kifungo, akafungua daftari lake kwenye ukurasa mweupe.

"Kesho utakuja ofisini utoe maelezo, na tutakwenda pamoja mpaka kwa yule muuza duka. Yeye ndiye ninayemtaka. Lakini leo nina swali moja. Kila kopo lina vidonge elfu moja. Nimehesabu watu wako na siku zako. Haifiki elfu tatu. Na kopo hili umeliandika kwa mkono wako, la tano."

Mama Kifungo alichomoa pini moja kolani, akairudisha.

"Vingine vilikwenda wapi, Mama?"

"Si nilikuwa nawaona wanateseka," alisema polepole. "Mpishi wa shule, tunapopeleka sare, alikuwa hawezi kuinua sufuria. Nikamfungia ishirini kwenye karatasi. Halafu yule bawabu wa benki. Mke wa mwenye duka la misumari. Mwalimu mmoja hivi..." Alipokea kalamu, akaanza kuandika kwa ule mwandiko wake mkubwa ulionyooka. Mkaguzi alimwachia. Alipofika katikati ya ukurasa kalamu ilisimama.

"Nani?"

"Mama yangu mzazi. Ana miaka themanini na moja. Alikuwa haondoki kitandani, sasa anafagia uwanja." Alikuwa ameshika simu tayari, vidole vinatafuta namba. "Leo asubuhi, nilipoona tu gari lenye nembo linaegeshwa, nilimpigia. Nikamwambia avitupe."

Simu iliita. Iliita sana. Ikapokelewa, na hata Mkaguzi alisikia ile sauti kavu, changamfu, ya mtu anayedhani simu inahitaji kupigiwa kelele.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Kifungo. "Ndiyo, ni mimi tena. Hapana, hakuna msiba. Mama, vile vidonge nilivyokuambia utupe asubuhi... Hujatupa? Oo, asante. Asante sana, mama yangu. Hapana, sikukemei, umefanya vizuri kabisa. Sasa sikiliza, hicho cha kesho meza, na mimi nakuja kukuchukua twende kwa daktari. Nakuja mwenyewe. Viko wapi, viko pale kabatini?"

Alisikiliza. Mkono wake wa kulia ulianza kupapasa benchi, ukatafuta kalamu, ukaipata.

"Umempa jirani," alisema. "Jirani yupi, mama?"